Miezi tisa bwawani, mwatiko bado wa kiganja. Kosa ni vifaranga, chakula au udongo?

#1 Mchumvi_Mikindani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nina bwawa la samaki aina ya mwatiko huku Mikindani, nyuma ya mikoko. Mita 30 kwa 40. Sehemu kubwa ni uwanda wa chumvi wa marehemu mzee wangu. Upande wa baharini nikajisogeza kidogo hadi palipokuwa na mikoko iliyokufa zamani. Tulichimba kwa majembe, watu sita, mwezi na nusu. Mwezi wa nne, kwenye bamvua (yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu), tukakamata vifaranga mkondoni kwa chandarua, nikawapima kwa kikombe cha chai, nikapata kama 4,000, nikawamwaga bwawani. Kila asubuhi nawapa pumba za mahindi na mashudu ya ufuta.

Sasa ni mwezi wa tisa tangu niwaweke. Juzi nimerusha kimia mara nane. Nimepata samaki wa kiganja, wawili watatu wa robo kilo, na viperege ambavyo sikuviweka mimi. Kwenye semina tuliambiwa miezi sita hadi minane unavuna nusu kilo kwa kila samaki.

Swali la kwanza: kosa liko wapi? Swali la pili ndilo linaloniuma zaidi. Utafiti wa ufugaji wa baharini pwani yetu haukuanza jana. Mbona mimi bado nawinda vifaranga kwa chandarua kama mtu anayevua uduvi?

#2 KaaChonjo

Uzi bila picha ni porojo. Halafu kiganja cha nani?

#3 Mchumvi_Mikindani

Cha mama watoto. Kapima yeye mwenyewe, akasema hawa hata paka atauliza wenzao wako wapi.

#4 FundiMstaafu

Mkuu, tupige hesabu kabla ya kutafuta mchawi. Bwawa lako ni mita za mraba 1,200. Umeweka 4,000, zaidi ya watatu kila mita. Wafilipino wamefuga samaki huyu karne na karne, wao wanamwita bangus. Kwenye mabwawa yao ya kizamani, yasiyo na chakula cha kununua, huweka 2,000 hadi 3,000 kwa hekta nzima. Kwa kipimo hicho bwawa lako linatosha samaki 240, ukijitahidi sana 360. Umewapangisha watu kumi chumba cha mtu mmoja halafu unashangaa hawanenepi.

La pili, mwatiko hana meno. Chakula chake cha asili ni ule utando wa kijani na kahawia unaoota chini ya bwawa, mwani mdogo mdogo pamoja na vidudu vilivyomo humo. Ukiutaka uote, unakausha bwawa mpaka tope lipasuke, unatupa samadi ya kuku, unaingiza maji ya kifundo cha mguu, unasubiri, unaongeza taratibu hadi magotini. Jua lazima lifike chini. Pumba kwenye maji marefu unawalisha perege. Kina chako ni kiasi gani?

#5 Mchumvi_Mikindani

Shikamoo mzee. Karibu na mlango wa maji ni mita moja na nusu, kwingine kiunoni. Niliambiwa maji marefu hayachemki na jua.

Ila hesabu yako ina tundu. Kimia mara nane, samaki 31. Wangekuwepo 4,000 ningejaza ndoo. Nadhani waliobaki hawafiki hata 600. Sasa huo msongamano uko wapi?

#6 FundiMstaafu

Marahaba. Msongamano ulikuwepo mwanzo. Waliodumaa miezi mitatu ya kwanza wakadumaa moja kwa moja, wengine wakafa.

#7 Msomi_wa_Tope

Hapo nakupinga, mzee wangu, kwa heshima. Hao hao Wafilipino hudumaza vifaranga makusudi. Wanawabana kwenye bwawa dogo miezi kadhaa, wafupi hivyo hivyo, ili wawe na akiba ya kupandikiza msimu wowote. Wakiachiwa kwenye bwawa pana lenye utando wanakua kwa kasi kuliko wale ambao hawakubanwa. Kwa hiyo kama wenzao walikufa na nafasi ikapatikana, waliobaki walipaswa kufumuka. Hawakufumuka. Kuna kitu kingine kiliwashika.

#8 FundiMstaafu

Umenishika hapo, kweli wanadumaza. Lakini wanawaachia kwenye utando, na huyu ana utando gani kwenye mita moja na nusu ya maji?

#9 Mdau_Kwale

Wadau hamjambo. Niko upande wa Kenya, kikundi chetu kina mabwawa nyuma ya mikoko Kwale, mafunzo tulipata kwa watu wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya. Mbona hakuna aliyeuliza chumvi?

Sisi maji yanaingia bwawani wakati wa bamvua tu, mara mbili kwa mwezi. Maji mafu, yale madogo ya kati ya bamvua, yakija, mlango unakaa mkavu wiki nzima na jua linakunywa. Maji ya bahari ni chumvi 35 hivi kwa elfu. Mwaka mmoja, kuanzia Januari hadi Machi, kipimo chetu kilipanda kupita 50. Samaki hawakufa hata mmoja, mwatiko ni mgumu ajabu, lakini hawakukua hata kidogo. Mvua ndefu zilipoanza, baada ya miezi miwili hatukuwatambua. Nguvu zote wakati ule zilienda kupambana na chumvi.

Huko Mtwara mvua yenu ni msimu mmoja, sivyo? Kati ya Juni na Novemba bwawa lako lilikuwa supu.

#10 Mchumvi_Mikindani

Kipimo sina. Nilikuwa naonja kwa ulimi. Mwezi wa kumi ilikuwa chungu.

#11 KaaChonjo

Maabara ya ulimi 😂 Endeleeni, nipo pembeni naokota madini.

#12 Nahodha_Msimbati

Mimi si msomi, mimi ni mvuvi. Mnazungumza chumvi na utando, hakuna aliyemuuliza huyu kijana alikamata nini. Vifaranga wa mwatiko wakiingia mkondoni ni vijiti vya kioo, urefu kama ukucha wa kidole. Ukimweka kwenye beseni jeupe unaona vidoti vitatu tu, macho mawili na tumbo. Mwenye mng'ao wa fedha ni mkizi. Mrefu bapa kama utepe si mwatiko, na akikua ndiye anayewala wenzake. Chandarua hakichagui. Ukipima kwa kikombe umepima kijiji kizima.

Ulichagua kwenye beseni jeupe?

#13 Mchumvi_Mikindani

Tulitumia ndoo nyeusi, baba.

#14 Nahodha_Msimbati

Haya.

#15 JichoLaTai

Mnamsulubu kijana wa watu bure. Swali lake la pili ndilo swali. Taasisi ya Sayansi za Bahari pale Zanzibar ipo tangu 1978. Mabwawa ya Makoba, Unguja, yalichimbwa kwa utafiti mwishoni mwa miaka ya 1990, wakajaribu mwatiko, mkizi, tasi, mwani na chaza kwa pamoja, maji yenye kinyesi cha samaki yakipita kulisha mwani. Kitu kizuri kabisa. Kiko wapi leo kwa mfugaji wa Mikindani? Ripoti imelala kabatini.

Norwei walianza kuchagua koo bora za samoni mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali, watafiti na wafugaji meza moja. Leo nusu ya samaki wanaoliwa duniani wanafugwa baharini, sisi bado tunapima kwa kikombe.

#16 Msomi_wa_Tope

Sahihisho dogo. Mwaka 2022, kwa takwimu za FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, samaki na viumbe wa majini waliofugwa walifika tani milioni 94.4, asilimia 51 ya wote, mara ya kwanza kuzidi waliovuliwa. Ila hao ni wa baharini na wa maji baridi pamoja, na zaidi ya asilimia 60 walitoka maji baridi, huko kwenye samaki aina ya kapu (carp), perege na kambare wa Asia. Kwa hiyo "nusu wanafugwa baharini" si kweli.

Na mfano wa samoni sidhani kama unatusaidia. Yule anakula samaki wenzake waliosagwa. Sisi dagaa wetu tunawala wenyewe. Mwatiko anakula tope la kijani, ndiyo maana anafaa kwa mtu asiye na hela ya chakula cha gunia.

#17 Mama_Kotoni

Assalaam alaykum. Mie mkulima wa mwani, kusini Unguja, miaka yangu yote mgongo umeinama majini. Huyu wa 15 kasema utafiti umelala kabatini. Kwetu haukulala, mwanangu. Profesa Mshigeni alikuwa anasema habari za mwani wakati watu wanaona ni takataka za ufukweni. Mbegu zikaja kutoka Ufilipino, 1989 tukaanza Paje na Jambiani. Wanawake wamejenga nyumba za mawe kwa mwani, wamesomesha.

Kisha kotoni ikaanza kufa. Tunapanda mwani wa aina mbili: kotoni ndiyo yenye bei, spinosi bei yake ndogo. Unafunga taitai zako, zile kamba ndogo za kushikia mwani, vizuri, baada ya wiki tatu mwani unageuka mweupe kama barafu, unakatika, unaondoka na maji. Joto. Maji yakitoka mchana wakati wa kaskazi, ukitia mguu kwenye kidimbwi unautoa. Akaja Dk. Flower Msuya na wenziwe wakatufundisha kutia mwani kwenye nyavu za mviringo kama soksi, tukauingize maji marefu yenye ubaridi. Ile inafanya kazi, nimeona kwa macho yangu. Lakini maji marefu yanataka ngalawa na kujua kuogelea. Wengi wetu hatujui kuogelea. Hayo hayakuwamo kwenye utafiti.

#18 JichoLaTai

Mama nakuomba radhi. Lakini umenipa hoja vile vile. Utafiti umefika, ngalawa haikufika.

#19 Mpemba_Muscat

Nyongeza ndogo kwa Bi Kotoni: mwani ulisafirishwa nje hata kabla ya 1989, lakini ule wa kuokotwa, haukupandwa. Bibi yangu Pemba aliuokota.

Huku Oman kuna mabwawa ya kamba, na kule Mirbat, Dhofar, wanazalisha sufailahi, yule konokono wa baharini wa bei ya dhahabu. Wa mwituni msimu wake wa kuzamia unafunguliwa siku chache tu na mwaka mwingine haufunguliwi kabisa, wakaona bora wamfuge. Pesa ipo, umeme upo, na bado si mambo ya usiku mmoja.

#20 KaaChonjo

Konokono bei ya dhahabu. Mimi nakanyaga hela kila siku Kigamboni.

#21 Msomi_wa_Tope

Turudi kwenye vifaranga, kwa sababu mleta uzi kauliza mbona anawinda.

Mwatiko jike anachukua kama miaka mitano kukomaa. Hutaga bahari kuu, hatagi bwawani kwako hata umwimbie. Kumtagisha kwenye uzio ilikuwa kazi ya miaka. Wafilipino walipata mayai ya hiari kutoka kwa samaki wa kufugwa 1980, kwenye vizimba vya kituo chao cha utafiti pale Igang. Kifaranga akianguliwa, mdomo wake ni mdogo mno, anataka vidudu hai vinavyoitwa rotifa, na rotifa nao wanataka mwani wa hadubini, ambao lazima uupande kwenye matangi kila siku bila kukosa. Pampu ikizima usiku mmoja, umefunga duka. Hiyo ndiyo bei ya kifaranga mmoja wa kioo.

Lakini sikilizeni walichofanya Gondol, kaskazini ya Bali. Kituo cha utafiti kilipata mbinu, kisha wakaigawa kazi. Wenye mtaji mkubwa wanafuga wazazi na kuuza mayai. Wanakijiji wananunua mayai, kila nyumba ina matangi ya saruji nyuma ya jiko, wanalea kwa wiki tatu, wanauza vifaranga. Mamia ya kaya. Wanauza mpaka Ufilipino, kwa hao hao walimu wa bangus. Yaani utafiti ulishuka mpaka uani kwa mtu.

Sisi tuna kituo cha Beit el Ras, Unguja, kilichojengwa kwa msaada wa Korea na FAO, kimeshughulikia mwatiko, kaa na majongoo bahari. Ni mwanzo mzuri. Tunachokosa ni yule wa katikati, mwenye matangi mawili nyuma ya jiko.

#22 Mdau_Kwale

Huyo wa katikati atalipwa na nani? Siku moja tulitaka kununua vifaranga wa kuzalishwa, mahali sitapataja, usafiri tu wa mifuko ya oksijeni ulikuwa ghali kuliko samaki. Mkondoni ni bure. Mtu hawezi kushindana na bure. Ndio sababu ya watu kuendelea na chandarua.

#23 Nahodha_Msimbati

Bure kwa sasa. Siku hizi unavuta chandarua nusu siku unapata kijiko. Zamani maji ya bamvua yalikuwa mazito kwa vifaranga.

#24 UdongoChachu

Nimesoma kurasa zote kimya. Mleta uzi, maswali matatu. Kwenye ile sehemu ya mikoko iliyokufa, udongo ukichimbwa unanuka yai bovu? Ukikauka unatoa madoa ya manjano? Na mvua za kwanza za Desemba, maji yaligeuka rangi?

#25 Mchumvi_Mikindani

Umekuja kwangu lini, mkuu? Harufu ndiyo. Manjano ndiyo, kwenye kuta za bwawa, kama unga wa binzari. Na mvua ya kwanza maji pembeni yalikuwa mekundu kama chai ya rangi. Asubuhi yake kulikuwa na samaki kama 70 wanaelea. Nilidhani umeme wa radi.

#26 UdongoChachu

Radi haina kesi hapa. Udongo wa mikoko una madini ya chuma na salfa. Ukiwa umezama hauna shida. Ukiuchimba na kuuweka juani unakutana na hewa, salfa inageuka tindikali ya kwenye betri. Kuta zako umezijenga kwa udongo huo huo. Mvua ikinyesha inausuuza, tindikali inamiminikia bwawani, ndiyo yale maji ya chai. Na kuna ubaya wa kimya kimya: chuma kile kinashika fosfeti yote, ile rutuba ya kuotesha utando, kwa hiyo hata ukitupa samadi gari zima, utando hauoti. Mzee Fundi anasema huna utando kwa sababu ya kina, mimi nasema hata ungekuwa na kina cha kifundo usingeota.

Dawa ni kukausha, kujaza, kumwaga, kukausha tena, mara nyingi, bila samaki, kisha chokaa. Inaweza kuchukua msimu mzima. Au kuhama upande ule. Na kwa faida ya wengine wanaosoma: mikoko Tanzania ni msitu wa hifadhi, usikate mti ukasema umesoma humu.

#27 Mchumvi_Mikindani

Mimi sikukata, ilikuwa visiki.

#28 FundiMstaafu

Kuna ukweli hapo, lakini mvua ilikuja Desemba. Samaki walikuwa wamedumaa tangu Agosti, au siyo? Tindikali ya Desemba haiwezi kurudi nyuma.

#29 UdongoChachu

Ukosefu wa utando ulikuwepo tangu siku ya kwanza.

#30 Mdau_Kwale

Na chumvi tangu Juni.

#31 Nahodha_Msimbati

Na utepe tangu chandarua.

#32 KaaChonjo

Na kenge? Na mnandi? Hakuna anayewataja ndege, na mnandi mmoja anakula kuliko shemeji yangu. Halafu usiku nani analinda? Labda kiganja cha mama watoto ni kidogo, wakubwa wameondoka na jirani.

#33 MlaSamaki_Tanga

Jamani tuseme kweli, hata akifanikiwa atamuuzia nani? Mwatiko ana miiba zaidi ya 200, midogo, ya katikati ya nyama. Watoto wangu hawamtaki. Hotelini wanataka changu, chewa, nguru. Wafilipino wanawatoa miiba kwa koleo ndogo, samaki anauzwa mtupu kama mkate. Sijui kama kuna mtu huku anafanya kazi hiyo. Utafiti wa kuzalisha bila wa kutoa miiba ni nusu.

#34 Mama_Kotoni

Mwatiko wa kupaka, ukamchanja chale za karibu karibu kisha ukamtia ndimu na pilipili, miiba huioni. Watoto wako hawajafundishwa kula.

#35 MlaSamaki_Tanga

Bi mkubwa nimenyamaza.

#36 JichoLaTai

Kuna waliosahau historia humu. Kila baada ya muda huja mradi mkubwa. Miaka ya 1990 ilikuwa kamba wa delta ya Rufiji, maelfu ya hekta, wanakijiji wenyewe wakagawanyika, wengine wakaenda mahakamani, mwisho wake mradi haukufanyika. Mie nilikuwa upande wa waliopinga na sijajuta. Lakini baada ya hapo kila anayesema "bwawa karibu na mikoko" anaangaliwa kama mwizi, hata mwenye mita 30 kwa 40.

#37 Mdau_Kwale

Sisi tuna Ngomeni, kaskazini ya Malindi. FAO walisaidia shamba la majaribio la kamba tangu mwisho wa miaka ya 1970. Wazee wanasimulia kamba wakubwa kama mkono wa mtoto. Mradi ulipoisha na shamba likaisha. Leo watu wa huko ni chumvi. Na cha kuchekesha, kwenye mabwawa ya akiba ya viwanda vya chumvi mwatiko wanaingia wenyewe, wanakua wenyewe, wakubwa, bila semina.

#38 Mchumvi_Mikindani

Hilo hata mzee wangu alikuwa akisema. Kwenye hodhi la kwanza la chumvi alikuwa anavua mwatiko wa kilo. Hakuwalisha chochote.

#39 FundiMstaafu

Hodhi la kwanza ni pana na maji ya kifundo. Utando.

#40 Msomi_wa_Tope

Au ni wachache kwa eneo kubwa. Rudi kwenye hesabu yako mwenyewe ya chapisho la 4, mzee.

#41 Bibi_Chaza

Mwenye bwawa asiye na bahati ajaribu jongoo bahari. Huyo halishwi, anameza mchanga na kuutema safi. Bara uvuvi wake ulipigwa marufuku miaka ya 2000 kwa sababu walikuwa wanaisha, ila wa kufugwa ni habari nyingine. Kule Toliara, Madagascar, watafiti wa chuo chao pamoja na Wabelgiji waliweza kumtagisha kwa kumbadilishia maji ya joto ghafla, vifaranga wakapewa wanakijiji wawaweke kwenye nyua baharini. Wachina wanalipa vizuri.

#42 KaaChonjo

Na wezi?

#43 Bibi_Chaza

Wezi ndiyo shida yenyewe. Kule Madagascar walijenga madungu ya kulindia baharini, watu wanalala zamu. Jongoo hakimbii, hapigi kelele, mtu anaokota kama embe.

#44 Mchumvi_Mikindani

MREJESHO. Samahani kwa ukimya wa wiki mbili.

Nimekausha bwawa kwenye kupwa ya bamvua iliyopita. Nilitaka kuhesabu mmoja mmoja kama mlivyonifunza. Matokeo:

Mwatiko 412. Kati yao 17 wana nusu kilo na zaidi, mmoja kilo kasoro robo. Waliobaki wote kiganja.
Mkizi 60 na kitu, wengine waliruka ukutani wakajianika wenyewe.
Perege ndoo tatu kubwa.
Chewa mmoja, kilo mbili na nusu, alikuwa amejilaza chini ya mlango wa maji kama mlinzi.

Samaki wa utepe sikumwona. Mwalimu wa sekondari hapa kanipa karatasi za kupimia tindikali. Maji ya kawaida ni 7, namba ikishuka tindikali imezidi. Kona ya visiki imetoa 4. Katikati 6. Mlangoni 7 na kitu. Utando upo kidogo sana, mlangoni tu.

#45 KaaChonjo

CHEWA! Kesi imefungwa. Hakimu ainuke.

#46 FundiMstaafu

Chewa wa kilo mbili na nusu hawezi kula 3,500. Angekuwa nyangumi. Na kama alikula wengi, waliobaki wangepata nafasi na kunenepa. Ila 4 ile imenitisha, UdongoChachu, nakupa mkono.

#47 UdongoChachu

Asante mzee. Lakini na mimi nina swali ambalo siwezi kulijibu: hao 17. Maji ni yale yale, udongo ule ule. Walikula wapi?

#48 Nahodha_Msimbati

Hao hawakuja na kikombe. Waliingia wenyewe mlangoni wakiwa wakubwa kidogo, bamvua za mwanzo kabla hujaweka wavu. Au ni wa mwaka wa nyuma, walikuwa kwenye madimbwi ya chumvi ya mzee wako.

#49 Msomi_wa_Tope

Au ni wale waliokaa mlangoni kwenye maji mapya na utando, wakamfukuza kila mdogo aliyekaribia. Mchumvi, uliwakuta upande gani kabla maji hayajaisha?

#50 Mchumvi_Mikindani

Maji yalipoisha wote walikusanyika shimo moja, sikuweza kujua nani alitoka wapi. Nimewarudisha hao 17 kwenye hodhi la zamani la mzee, maji ya kifundo, bila pumba. Beseni jeupe nimeshanunua. Kipimo cha chumvi kuna mtu kaniahidi.

La kuchekesha ni hili. Mama watoto aliuza perege wote asubuhi moja, gengeni, kabla jua halijakolea. Mwatiko wa kiganja hawakupata mteja. Sasa ananiuliza kwa nini siwafugi wale walioingia bila kualikwa.

#51 MlaSamaki_Tanga

Msikilize mkeo.

#52 FundiMstaafu

Usimsikilize bado. Weka chokaa kwanza.

#53 Mdau_Kwale

Pole na hongera kwa pamoja. Na yule chewa mlimfanyaje?

#54 Mchumvi_Mikindani

Wa nazi.